Okestra ya Taifa Ikifika Mjini: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Mara ya Kwanza

Waswahili wengi wanaoishi London, Berlin, New York au Muscat hupita mbele ya ukumbi mkubwa wa muziki kila siku wakienda na kurudi kazini, wala hawajawahi kuingia ndani. Ukiwauliza, watakwambia muziki wa klasiki una wenyewe, tiketi zake ni ghali, adabu zake nyingi, na nguo za kuvaa huko hawana. Mwongozo huu nauandika kwa ajili yao. Nataka waende, na nataka usiku wao wa kwanza uwe ule ambao okestra ya taifa ya nchi nyingine imekuja ziarani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: katika muziki huu methali hiyo ina ukweli wake.

Okestra ya mjini kwako hubadilisha muziki karibu kila wiki. Wapigaji hufanya mazoezi siku mbili tatu, hupanda jukwaani, na wiki inayofuata huanza kazi nyingine. Okestra iliyo safarini huchukua kazi chache tu. Imezifanyia mazoezi nyumbani, imezipiga juzi katika mji mwingine, na kesho kutwa itazipiga tena kwingine. Muziki umeshawaingia vidoleni. Juu ya hayo, okestra ya taifa ikitoka nje hupenda kubeba muziki wa kwao: Wafini huja na Sibelius, Wahungari huja na Bartók na Kodály, Wacheki huja na Dvořák, Smetana na Janáček. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni huu: ukiona tangazo la okestra iliyo ziarani, tazama kama ndani ya programu yake kuna kazi ya mtunzi wa nchi hiyo. Ikiwamo, nunua tiketi.

Nitashika mfano mmoja nikae nao. Czech Philharmonic, okestra ya taifa ya Wacheki, ilifanya onyesho lake la kwanza tarehe 4 Januari 1896 katika ukumbi wa Rudolfinum mjini Prague. Aliyesimama mbele kuongoza alikuwa Antonín Dvořák mwenyewe, na katika programu ya usiku huo ilikuwamo Simfoni yake ya 9, iitwayo “Kutoka Dunia Mpya”. Tangu hapo okestra hiyo haijaiacha simfoni hiyo. Wapigaji wameipokea kutoka kwa walimu wao, ambao nao waliipokea kutoka kwa waliowatangulia. Mwaka 1990 ulionyesha muziki wa namna hii unabeba nini kwa taifa lake. Rafael Kubelík, mwongozaji aliyeihama nchi mwaka 1948 baada ya Wakomunisti kushika madaraka, alirudi Prague akiwa mzee baada ya miaka 42 na kuongoza okestra hiyo hiyo ikipiga “Nchi Yangu” ya Smetana. Anayekwenda kuwasikiliza Wacheki wakipiga muziki wa kwao anakwenda kusikiliza watu wenye historia hiyo mikononi.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Jina “la taifa” pekee halitoshi. Yapo makundi yanayokusanywa kwa ajili ya safari tu, yakapewa jina kubwa, yakazungushwa miji midogo ishirini kwa mwezi. Kabla ya kulipa, tafuta mambo matatu: okestra ina ukumbi wake nyumbani, ina msimu wa maonyesho huko huko kwao, na ina mwongozaji mkuu anayejulikana kwa jina. Ukiyapata yote matatu, huna la kuhofia.

Tiketi na kiti

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Ukitafuta jina la onyesho kwenye intaneti, mara nyingi majibu ya juu kabisa ni ya walanguzi, na bei yao huzidi ya ukumbi mara mbili au zaidi. Kama una mtoto anayesoma au wewe mwenyewe ni mwanafunzi, uliza bei ya wanafunzi. Kumbi nyingi za Ulaya na Marekani zinayo, lakini hazikuambii usipouliza. Na ukikuta tiketi zimekwisha, usikate tamaa. Nenda dirishani saa moja au mbili kabla ya onyesho, kwa sababu watu hurudisha tiketi hadi dakika za mwisho.

Kwa walioko Uingereza, njia nyepesi kuliko zote ni tamasha la Proms katika Royal Albert Hall, London. Limekuwapo tangu 1895 na hufanyika kila kiangazi. Mamia ya nafasi za kusimama huuzwa siku ya onyesho kwa pauni chache, na anayesimama chini mbele ya jukwaa yuko karibu na wapigaji kuliko aliyelipa fedha nyingi kukaa. Okestra za mataifa hupita hapo kila mwaka. Agosti 2024 Czech Philharmonic ilipiga hapo siku mbili mfululizo chini ya Jakub Hrůša. Vaa viatu vya kustarehe tu, kwa maana utasimama muda mrefu.

Sasa kiti. Hapa watu wengi hupoteza fedha bila sababu. Mgeni hudhani kiti bora ni cha mstari wa mbele, analipa zaidi, kisha jioni nzima anaona viatu vya wapiga fidla na kusikia wale wanane walio karibu naye. Sauti ya okestra huinuka, huchanganyika juu, ndipo humfikia msikilizaji. Katika kumbi za zamani zenye umbo refu la kasha, kama Musikverein ya Vienna iliyofunguliwa 1870 au Symphony Hall ya Boston ya 1900, sauti husafiri vizuri hadi nyuma na juu kabisa. Carnegie Hall ya New York nayo ni hivyo: roshani ya juu ina ngazi nyingi za kupanda, lakini tiketi zake ni nafuu na sauti yake husifiwa na wazoefu. Mahali pa kuepuka ni viti vya chini vilivyofunikwa na roshani iliyotokeza sana. Hapo sauti hufika imefifia.

Kama ukumbi una viti nyuma ya okestra, mimi ningekupeleka huko moja kwa moja usiku wako wa kwanza. Berliner Philharmonie ya 1963 imejengwa hivyo, watu wakiizunguka okestra pande zote. Elbphilharmonie ya Hamburg iliyofunguliwa Januari 2017 pia, na Royal Festival Hall ya London ina viti vya kwaya ambavyo huuzwa wakati hakuna kwaya. Bei huwa ya chini kwa sababu uwiano wa sauti hapo haukamiliki: ngoma na tarumbeta ziko mguuni pako, fidla ziko mbali. Lakini utakachokiona hakina bei. Utamwona mwongozaji usoni. Utaona mkono wake wa kulia ukishusha mpigo kitambo kidogo kabla sauti haijatoka, na wa kushoto ukiwanyamazisha hawa na kuwaita wale. Utaona mpiga honi akitia ngumi ndani ya mdomo wa chombo chake kubadili sauti. Kuna usiku mmoja tu ambao kiti hicho hakifai, ule wenye mwimbaji au mpiga piano mbele ya okestra, kwa kuwa sauti yao inaelekezwa upande wa pili.

Wiki moja kabla

Usisome kitabu cha historia ya muziki. Chukua ile kazi kubwa ya programu, ambayo kwa kawaida hupigwa baada ya mapumziko, uisikilize nyumbani. Mara ya kwanza iache icheze huku unapika au unapiga pasi. Mara ya pili kaa kitako, zima kila kitu kingine, uisikilize yote. “Kutoka Dunia Mpya” huchukua dakika 40 na ushei. Mara ya tatu rudia ile sehemu moja iliyokugusa. Basi, inatosha. Ukiijua kazi moja vizuri, zile nyingine za usiku huo zitajieleza zenyewe.

Inafaa pia kujua “Kutoka Dunia Mpya” ilivyotungwa. Dvořák aliitunga mwaka 1893 akiwa New York, ambako aliajiriwa kuongoza chuo cha muziki. Mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho alikuwa Harry Burleigh, kijana Mweusi ambaye babu yake aliwahi kuwa mtumwa, na aliyezijua nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi tangu utotoni. Dvořák alimwita nyumbani kwake amwimbie, tena na tena. Mwezi Mei mwaka huo akaliambia gazeti la New York Herald kwamba muziki wa Marekani wa siku zijazo lazima ujengwe juu ya nyimbo za Weusi. Kauli hiyo, kutoka kwa mtunzi mkubwa wa Ulaya katika Marekani ya wakati ule, ilizusha mabishano makali. Sauti zake zote katika simfoni ni utunzi wake mwenyewe, lakini sikio lake lilikuwa limeshamsikiliza Burleigh. Kwa hiyo anayekwambia kuwa muziki huu haumhusu mtu Mweusi, mweleze habari hii.

Mti wetu jukwaani

Fika mapema uwe umeketi kabla okestra haijatulia. Wapigaji wakishakaa, kiongozi wa fidla husimama, ukumbi hunyamaza, na obo hutoa noti moja ndefu. Ndiyo A, mitetemo 440 kwa sekunde Marekani, na zaidi kidogo katika miji mingi ya Ulaya. Wote hulinganisha vyombo vyao na noti hiyo.

Itazame ile obo. Ni chombo chembamba cheusi chenye vifunguo vya fedha, na katika mdomo wake kuna vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja. Ni jamaa wa nzumari ya pwani yetu. Weusi wake ni wa mti. Obo, klarineti na filimbi ndogo za okestra kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo unaotafutwa na mafundi wa Ufaransa na Ujerumani hutoka zaidi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Ndio mti ule ule wa wachonga vinyago wa Kimakonde. Kiini chake ni kizito hata kikitupwa majini kinazama, hakipasuki kirahisi kwa unyevu wa pumzi, na hukubali kutobolewa matundu kwa usahihi wa hali ya juu. Mti wenyewe hukua polepole mno. Unaovunwa leo ulianza kuota zamani za babu zetu.

Vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yake vyenyewe, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi la huko huko, vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, na fedha za magogo hubaki kijijini. Ni jambo ninaloliona kubwa. Siku nyingine ukimwona mpiga klarineti wa Prague au wa Boston akikipangusa chombo chake kwa kitambaa kwa uangalifu, ujue anatunza kitu kilichotoka kwetu.

Habari ya mti huingia hadi kwenye hati za safari. Jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mnamo Januari 2017, na okestra zikajikuta zinahangaikia vibali vya klarineti. Mwishoni mwa 2019 vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vikaondolewa katika sharti hilo. Sheria ya pembe ya ndovu ni kali zaidi. Pinde nyingi za zamani za fidla zina kipande kidogo cha pembe kwenye ncha, na mwaka 2014 maofisa wa New York walizuia pinde saba za Budapest Festival Orchestra iliyokuwa imekuja kupiga. Ukichanganya na makasha ya kuhifadhi joto, mabesi makubwa yanayosafirishwa kwa ndege, ngoma za shaba na watu wapatao mia wa kulisha na kulaza, utaelewa kwa nini tiketi ya okestra ya ugenini huzidi bei ya okestra ya nyumbani. Na baada ya safari hiyo yote, mchana wa siku ya onyesho okestra hupata muda mfupi tu wa kuujaribu ukumbi ukiwa mtupu, ilhali ukijaa watu sauti hubadilika.

Saa, nguo, simu

Tiketi ikiandika 19:30 ni saa moja na nusu usiku, na wanaanza kweli saa moja na nusu. Ukichelewa mlango hufungwa, utasubiri nje hadi kazi ya kwanza iishe. Onyesho zima na mapumziko yake huchukua kama saa mbili.

Kwa nguo, kumbi nyingi za Ulaya na Marekani hazina sharti. Suruali safi na shati vinatosha. Kanzu na kofia au kitenge kilichoshonwa vizuri vinapendeza kuliko suti nyingi utakazoziona. Muscat ndiyo yenye sharti. Royal Opera House, iliyofunguliwa Oktoba 2011, hutaka mavazi rasmi au ya heshima ya kitaifa, na aliyevaa jinzi na raba anaweza kurudishwa mlangoni. Walioko Oman wasisahau pia kwamba nchi hiyo ina okestra yake ya kifalme tangu 1985, iliyoanzishwa kwa amri ya Sultani Qaboos kwa kuwafundisha vijana wa Kiomani tangu mwanzo.

Simu izime kabisa. Usiiweke kimya tu, kwa sababu kengele ya kuamsha hulia hata simu ikiwa kimya. Tarehe 10 Januari 2012 mwongozaji Alan Gilbert alilazimika kuisimamisha New York Philharmonic katikati ya Simfoni ya 9 ya Mahler, karibu na mwisho wake ulio mtulivu kabisa, kwa sababu ya kengele ya namna hiyo kutoka kiti cha mbele. Kama una kikohozi, menya peremende zako kabla muziki haujaanza. Karatasi yake husikika mistari kumi nyuma.

Kuhusu makofi, kanuni ya sasa ni kungoja hadi kazi nzima iishe. Simfoni huwa na sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi. Hapo watu hukohoa, hujiweka sawa, lakini hawapigi makofi. Mwangalie mwongozaji. Mikono yake ikiwa bado juu, au mgongo wake haujalegea, bado. Hata hivyo usikae kwa wasiwasi. Desemba 1893, “Kutoka Dunia Mpya” ilipopigwa mara ya kwanza Carnegie Hall na New York Philharmonic chini ya Anton Seidl, watu walishangilia katikati ya kazi, na baada ya sehemu ya pili walishangilia kwa nguvu hata Dvořák ikabidi asimame kuwaitikia. Kanuni ya kimya ni ya baadaye. Ukipiga makofi mapema kwa sababu umeguswa, hukuvunja kitu.

Namna ya kusikiliza

Aliyekulia Unguja au Mombasa akisikia taarabu ya kundi kubwa anajua fidla hufanya nini: mwimbaji humaliza ubeti, fidla humjibu, zikarudisha sauti yake kwa pamoja. Beba sikio hilo hilo. Hapa mwimbaji hayupo, lakini kila wakati kuna chombo kimoja kilichoshika nafasi yake, na kazi yako ni kumtafuta ni nani. Ukimpata, sikiliza nani anamjibu. Usijaribu kusikia vyote kwa pamoja. Hata wazoefu hawawezi.

Sehemu ya kwanza ya “Kutoka Dunia Mpya” huanza chini, selo zikisema kwa upole, kisha ghafla ngoma na okestra nzima. Baada ya utangulizi huo honi hutoa wito mfupi unaopanda na kushuka. Ushike huo. Dvořák ataurudisha katika sehemu zote nne, kila mara kwa sura nyingine, na ukiweza kuutambua kila unapotokea, umeshaielewa simfoni hii kuliko maelezo yoyote ya kijitabu.

Sehemu ya pili ndiyo watu huiendea. Inaanza kwa milio michache ya pamoja ya vyombo vya shaba na vya kupuliza, taratibu, mizito. Mtazame mpiga tuba hapo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee anayopiga katika simfoni nzima. Noti zake ni chache mno, kisha hukaa na chombo chake magotini hadi mwisho. Halafu fidla hulainika, na mmoja wa wapiga obo anainua chombo kirefu zaidi, chenye kibofu kama yai mwishoni. Ni obo ya sauti ya chini, mpingo nayo. Wimbo wake ni mrefu, hauna haraka, na wengi hudhani ni wimbo wa kale wa kiroho wa Weusi wa Marekani. Mambo yalikwenda kinyume: ni sauti ya Dvořák, na maneno ya Kiingereza yaliwekwa mwaka 1922 na mwanafunzi wake William Arms Fisher.

Kaa macho mwishoni mwa sehemu hii. Wimbo hurudi, lakini safari hii wapigaji wengi wa nyuzi wamenyamaza. Wamebaki wachache, wamefunika sauti za vyombo vyao kwa kibanio kidogo juu ya nyuzi. Wanaanza wimbo, wanakatika. Kimya. Wanaendelea kidogo, wanakatika tena. Vimya hivyo vimeandikwa kwenye karatasi, na katika ukumbi wenye watu elfu mbili havifanani hata kidogo na ulivyovisikia kwenye spika ya nyumbani, kwa sababu watu elfu mbili wamezuia pumzi pamoja. Hapa ndipo okestra iliyoizoea kazi hii hujipambanua. Okestra isiyoiamini huviharakisha vimya. Wacheki huviacha vikae.

Sehemu ya tatu ni ya kasi na dansi, na pembetatu ya chuma italia juu ya wote. Dvořák alisema aliifikiria karamu ya Wahindi Wekundu katika utenzi wa Longfellow. Furahia tu, haihitaji zaidi.

Ya nne huanza kwa nyuzi kurudia noti mbili, kwanza polepole, kisha mbio, hadi honi na tarumbeta zipasuke na wimbo wao. Muda si mrefu baada ya hapo mtafute mwenye matoazi nyuma kabisa. Ana pigo moja tu katika simfoni nzima, tena si la nguvu. Ameketi karibu nusu saa kulingoja na anajua fika kwamba akilikosa hakuna la pili. Mwishoni nyimbo zote za sehemu zilizopita hukutana, okestra yote inapiga kwa nguvu, na wewe utajiandaa kupiga makofi. Subiri. Mlio wa mwisho kabisa haukatiki kwa kishindo: unashikwa, unafifia taratibu hadi usisikike. Makofi ya haraka huufunika, na ni hasara kwa kila mtu ukumbini.

Baada ya hapo

Usikimbilie koti lako. Okestra iliyo ziarani karibu daima ina kitu cha nyongeza mfukoni, na hakiandikwi kwenye programu. Wacheki hupenda Dansi za Kislavoni za Dvořák, ambazo ni 16 kwa jumla, fupi na za moto. Wakati mwingine nyongeza ni heshima kwa mwenyeji: New York Philharmonic ilipozuru Pyongyang Februari 2008, baada ya kupiga simfoni hii hii na kazi nyingine, ilimaliza kwa Arirang, wimbo wa Wakorea wote, na watu ukumbini wakawapungia mikono wapigaji waliokuwa wakiondoka. Endelea kupiga makofi maadamu mwongozaji bado anarudi jukwaani. Ila jua saa ya treni yako ya mwisho.

Kwa onyesho la pili, usibadilishe kila kitu. Tafuta okestra nyingine inayopiga simfoni ile ile, utasikia tofauti ambazo usingezisikia mwezi uliopita. Ukiwa Ulaya, fuatilia pia safari za Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 na wapigaji waliokuwa wakigawana vyombo vichache na kuziba nafasi ya nyuzi zilizokatika kwa waya wa breki za baiskeli. Mwaka 2014 ilizuru Uingereza. Na kama unaweza kupanga likizo yako kwa ajili ya muziki, iwe Prague. Tamasha la Prague Spring hufunguliwa tarehe 12 Mei, siku aliyofariki Smetana, kwa “Nchi Yangu” yake yote, na tiketi za usiku huo huwahiwa mapema sana. Usiku unaofuata huwa na nafasi zaidi.